Nyota ya Katikati Siyo Marehemu

Kazi ya kuandika iliyowahi kunilipa siku ileile ni moja tu: wasifu wa marehemu. Anayeishi kwa vibarua vya kalamu anaelewa. Makala ya tovuti unaweza kuyadai miezi mitatu, lakini mazishi ni Jumamosi na kijitabu lazima kifike kwa mchapishaji Alhamisi usiku, kwa hivyo watu hutuma pesa. Agosti 2022 nililetewa maisha ya mzee mmoja yakiwa kwenye jumbe kumi na saba za sauti, nikaambiwa niyakunje yaingie kurasa nne. Binti yake hakutaka maua kwenye jalada. "Weka kitu cha nyota nyota hivi," aliniambia. "Baba alikuwa mtu wa mwanga."

Nikaweka picha ambayo wakati huo ilikuwa kwenye kila simu: Pete ya Kusini, nebula iliyopigwa na darubini ya angani ya James Webb na kutolewa na NASA tarehe 12 Julai 2022. Duara la buluu, ukingo wa rangi ya chungwa uliotanda kama moshi wa jikoni asubuhi ya baridi, na katikati nyota moja kali inayorusha miali pande zote. Jina la mzee nikaliandika chini ya ile nyota. Familia iliipenda. Hata mimi, wacha niseme ukweli, niliipenda kuliko kurasa nne nilizoandika.

Sasa nikiitazama naona aibu. Ile nyota ya katikati siyo marehemu. Marehemu yuko ubavuni mwake, hafifu, na kwenye picha niliyoichagua karibu humwoni kabisa.

Haya ni makala ya uhakiki, na kinachohakikiwa ni picha hiyo. Najua kuna atakayeuliza tangu lini picha ya sayansi ikahakikiwa kama riwaya. Kwangu mimi, kitu chochote ambacho mtu amechagua cha kuweka mbele na cha kuacha nyuma kina msimulizi, na chenye msimulizi kinahakikika. Na stori ya hizi nebula, jinsi zinavyotokea na zinavyopata maumbo yake, tumeizoea ikisimuliwa kama stori ya nyota moja inayokufa kwa uzuri ikiwa peke yake. Hiyo stori ina kasoro.

Tuanze na jina, manake kosa la kwanza liko hapo. Kitaalamu Pete ya Kusini ni "nebula ya kisayari", na haina uhusiano wowote na sayari. William Herschel, mwanaastronomia aliyeishi Uingereza, aligundua sayari ya Uranus mwaka 1781. Miaka iliyofuata, akipekua anga kwa darubini alizojitengenezea mwenyewe, alikuwa akikutana na vitu vidogo vya mviringo vyenye mwanga wa kufifia, visivyo na ncha kali kama nyota. Vilimkumbusha kisahani cha Uranus, basi akaviita vya kisayari. Aliyepata sayari ataona sayari hata pasipo na sayari, kama aliyewahi kupokonywa simu anavyoona mwizi kwa kila anayepanda matatu.

Sisi nasi tukalitafsiri kosa lake lilivyo. Nimejaribu kutunga jina jingine la Kiswahili nikashindwa, na siku hizi sioni haja. Jina lenye kosa lililo wazi linamkumbusha msomaji kwamba kuna mtu alitazama haraka akadhani ameelewa.

Lakini kuna mtu mwingine kwenye stori hiyo ambaye husahaulika. Herschel hakuwa akikesha peke yake. Dada yake, Caroline, ndiye aliyekaa na kalamu na saa akinakili alichokuwa akitajiwa na kaka yake kwenye darubini, halafu mchana akapiga hesabu za mahali pa kila kitu. Orodha zikatoka kwa jina la William. Caroline mwenyewe aligundua nyotamkia kadhaa, na kuanzia 1787 mfalme wa Uingereza alimlipa mshahara kwa kazi hiyo, kitu ambacho mwanamke hakutarajia enzi zile. Hata hivyo watu wakitaja "nebula za Herschel" hawamaanishi yeye.

Pete ya Kusini yenyewe iligunduliwa na mtoto wa William, John Herschel, mwaka 1835. Alikuwa huku Afrika, Rasi ya Tumaini Jema, alikosafirisha darubini kubwa kwa meli ili apekue anga la kusini ambalo Uingereza hawalioni. Sisi wa ikweta hatuhitaji meli. Nusu zote mbili za anga zinapita juu ya mabati yetu.

Kosa la pili liko kwenye vichwa vya habari. Mwaka ule karibu kila niliposoma waliandika kwamba nyota "ililipuka". Haikulipuka. Zinazolipuka ni nyota kubwa mno, zenye uzito wa zaidi ya Jua nane hivi, na mlipuko wao unaitwa supanova. Nyota ndogo kuliko hizo, Jua letu likiwemo, hufa kwa kumwaga.

Kwa maisha yake yote nyota ya aina hii hugeuza hidrojeni kuwa heli ndani ya kiini. Hidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikunja na kuzidi joto, tabaka za nje zikavimba na kupoa, na nyota ikawa jitu jekundu. Mwishoni kabisa mwa hatua hiyo inaanza kupwita, inavimba na kusinyaa kwa mapigo yanayochukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Kila pigo huinua gesi juu. Gesi ikifika mbali hupoa, sehemu yake ikaganda kuwa vumbi. Mwanga wa nyota hulisukuma vumbi, na vumbi likaburuta gesi. Ndivyo nyota inavyojivua.

Upepo huo unasafiri kama kilomita 10 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Nairobi ukafika Mombasa kabla dakika moja haijaisha, lakini kwa mambo ya angani huo ni mwendo wa kobe. Upepo wa pole namna hiyo, ukiendelea kwa maelfu ya miaka, unaweza kuondoa sehemu kubwa ya nyota. Jua letu litapoteza karibu nusu ya uzito wake. Nyota iliyotengeneza Pete ya Kusini ilianza ikiwa karibu mara tatu ya Jua, na kilichobaki hakifiki Jua moja.

Kinachobaki ni kiini kilicho uchi, moto kupita kiasi, nyuzi zaidi ya 100,000 kwa hii yetu, ambacho mwisho wake ni kuwa kibete cheupe chenye ukubwa wa Dunia hivi. Miali yake ya urujuanimno huzing'oa elektroni kutoka kwa atomi za gesi iliyomwagwa awali, na zinaporudi mahali pake gesi inatoa mwanga. Mwanga wa nebula unatoka hapo. Marehemu anaangaza nguo alizovua.

Ilichukua muda watu kuelewa kwamba ni gesi. Wengi walidhani ni nyota nyingi zilizosongamana mbali. Mwaka 1864 William Huggins, huko London, alielekeza kifaa cha kuchambua mwanga kwenye nebula ya Jicho la Paka. Mwanga wa nyota ukipasuliwa hutoa upinde wa rangi zote. Yeye aliona mistari michache tu ya kung'aa, na hiyo ni tabia ya gesi. Mstari mkali zaidi, wa kijani, haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana, kwa hivyo baadaye elementi mpya ikabuniwa na kupewa jina, nebuliamu. Iliishi vitabuni kwa miaka mingi. Mwaka 1927 Ira Bowen, huko Marekani, akaonyesha kwamba ni oksijeni iliyopoteza elektroni mbili, iking'aa kwa namna inayowezekana tu gesi ikiwa nyembamba kupita utupu wowote wa maabara za wakati huo. Kumbe ilikuwa hewa ileile tunayovuta. Nilisoma hilo nikiwa chuoni, katika mihula minne ya fizikia niliyofanya kabla ya karo kunishinda, na ndilo jambo la pekee la mihula ile ambalo bado naweza kulisimulia bila kufungua daftari.

Sasa tuje kwenye maumbo, manake mzigo mzima wa hoja yangu uko hapa. Mwaka 1978 Sun Kwok na wenzake wawili walitoa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi. Kuna pepo mbili. Wa kwanza ni ule wa pole nilioutaja, wa wakati wa jitu jekundu. Nyota ikishajivua na kiini kikabaki wazi, unatoka upepo wa pili, mwembamba lakini wa kasi sana, zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Upepo wa pili unaufikia wa kwanza kwa nyuma na kuukusanya, kama fagio linavyokusanya taka ukutani. Ukuta ule uliokusanywa ndio ukingo tunaouona.

Maelezo mazuri, lakini yana shida moja: yanatoa mpira. Kama nyota inamwaga sawasawa kila upande, nebula itakuwa duara safi, na nebula zilizo duara safi ni chache, kama moja kwa kila tano. Nyingine ni yai, kipepeo, shisha ya mchanga, pia mirija na mafundo yasiyo na jina. Mwaka 1987 Bruce Balick alipanga maumbo hayo na kuonyesha kinachoweza kuyaleta. Tuseme upepo wa kwanza haukumwagwa sawasawa, ukawa mzito kiunoni mwa nyota na mwepesi kichwani na miguuni. Fikiria ngata, ule mviringo wa kitambaa ambao mama huweka kichwani kabla ya kujitwika mtungi. Upepo wa kasi ukikutana na ngata nene ya gesi unazuiwa, unatokea juu na chini palipo wazi, na pale unapotokea unapuliza mapovu mawili. Hapo una kipepeo.

Swali linalobaki ni nani aliyeisokota ngata. Nyota iliyovimba ikawa jitu inajizungusha polepole mno, na ikiwa peke yake haina nguvu ya kukusanya gesi kiunoni. Jibu ambalo watafiti wengi wamelikubali miaka hii ni kwamba kuna mwenza. Nyota nyingi huishi wawili wawili au zaidi. Mwenza anapozunguka karibu na jitu linalomwaga, uvutano wake huikusanya gesi kwenye njia anayozunguka. Wakati mwingine jitu linavimba mpaka linammeza, naye akaendelea kuzunguka humohumo ndani, akiikoroga kama mwiko kwenye sufuria. Wakati mwingine yeye ndiye anayeichota gesi na kuirusha kwa mirija miwili inayotoboa matundu juu na chini. Kwa hivyo ukiona nebula yenye umbo la ajabu, usiulize tu nyota ilikufa vipi. Uliza iliishi na nani.

Turudi kwa Pete ya Kusini. Julai ile NASA ilitoa picha mbili kando kwa kando. Ya kushoto, ambayo sote tulisambaza, ilipigwa na kamera ya miali infraredi iliyo karibu na rangi tunazoona. Ya kulia ilitoka kwa kifaa kingine kinachoona infraredi ya mbali zaidi, na hicho huona vumbi lenye joto. Kwenye ya kushoto nyota kali ya katikati imetawala, na marehemu amejificha kando ya mmoja wa miali yake. Kwenye ya kulia marehemu amejitokeza waziwazi, nyekundu, ubavuni mwa jirani yake, kwa sababu amezungukwa na vumbi.

Haikuwa siri mpya kwamba kuna nyota mbili. Wanaastronomia walijua zamani kwamba nyota kali haina joto la kutosha kuiwasha gesi ile yote, kwa hivyo mwenye kazi hiyo lazima awe yule hafifu. Jipya lilikuwa vumbi. Desemba 2022 kundi kubwa la watafiti wakiongozwa na Orsola De Marco walichapisha uchambuzi wao: vumbi lile, pamoja na mikunjo na matao kwenye gesi, vinaonyesha kwamba pale palikuwa na nyota zisizopungua nne, huenda tano. Mmoja alizunguka karibu sana na marehemu na kuacha kisahani cha vumbi. Mwingine, mbali kidogo, aliacha matao yanayofuatana kwenye gesi. Hao hawaonekani kwenye picha yoyote. Wanajulikana kwa alama walizoacha kwenye umbo. Na ile nyota kali niliyoibandika jina la mzee ni mwenza wa mbali, wa umri wa makamo, ambaye siku zake za kumwaga hazijafika.

Kwa hivyo kama mhakiki nasema nini kuhusu picha ya kushoto? Rangi siilaumu. Wengi hulalamika kwamba rangi hizi ni "feki", eti zimewekwa na kompyuta. Infraredi haina rangi kwa jicho la binadamu, na lazima mtu aihamishe ije mahali tunapoona. Hiyo ni tafsiri, na tafsiri nzuri ni halali. Ukingo wa chungwa kweli ni molekuli za hidrojeni, na buluu ya ndani kweli ni gesi moto iliyong'olewa elektroni. Hapo picha ni kweli tupu.

Ninacholaumu ni miali. Ile miiba mirefu inayoifanya nyota ya katikati ionekane kama mfalme haitoki kwenye nyota. Inatokana na kingo za vioo vya pembe sita vya darubini yenyewe na nguzo zinazoshikilia kioo kidogo mbele yake. Nyota yoyote kali ikipigwa na Webb itapata miiba ileile. Ni mwandiko wa kamera, nasi tukausoma kama utukufu wa nyota.

Lawama ya pili ni pembe. Picha inatuambia hii ni pete. Watafiti wanaeleza kwamba tungeweza kuizunguka tukaitazama kwa ubavu, tungeona kitu kama mabakuli mawili yaliyogusanishwa vitako, yamefunuka huku na huku, na tundu katikati. Sisi tunachungulia kupitia mdomo wa bakuli moja. Pete ni jina la tulipo sisi.

Ya tatu ni muda. Picha imetulia kama kaburi la marumaru, ilhali gesi ile inakimbia. Baada ya miaka kama 20,000 nebula ya namna hii inakuwa imetawanyika isionekane. Ukilinganisha na umri wa nyota kama Jua, miaka bilioni 10, na ukaufanya umri huo uwe wa binadamu wa miaka sabini, nebula inadumu saa moja na robo hivi. Muda wa ibada ya mazishi, kama mhubiri hajapewa nafasi ya pili.

NASA nisiwasingizie. Walitoa picha zote mbili, na maelezo yao yalisema wazi kwamba anayekufa ni yule hafifu. Tuliochagua moja ni sisi, na tulichagua iliyo na shujaa.

Sasa ule wasifu. Mzee alikuwa na nyumba mbili. Jumbe za sauti za nyumba kubwa zilikuwa kumi na sita. Ya kumi na saba ilitoka kwa mama wa nyumba ndogo, dakika mbili hivi, sauti ya chini. Hakulalamika. Alisema tu kwamba alimuuguza miaka sita ya mwisho, na kwamba duka ambalo kila mtu analitaja alilifungua yeye kwa pesa za chama. Nikaandika hayo. Aya mbili. Rasimu ikarudi Alhamisi jioni na aya zote mbili zimekatwa, jina lake halimo hata kwenye orodha ya waliofiwa. Nikauliza. Nikaambiwa, "Hiyo tutaongea baadaye, wewe malizia tu." Nikamalizia. Shilingi elfu tatu zikaingia kabla sijazima kompyuta.

Kilichotoka kilikuwa picha ya kushoto ya maisha ya mzee. Mtu mmoja katikati, miali pande zote, na umbo la ajabu ambalo hakuna anayeeleza lilitoka wapi. Aliyefungua duka ni nani? Wasifu unasema "lilistawi". Aliugua miaka sita mikononi mwa nani? Wasifu unasema "aliugua kwa muda". Kila pale nilipotumia neno la namna hiyo palikuwa na mtu aliyekatwa. Tangu siku hiyo nikisoma vijitabu vya mazishi, na nimeandika vingi, naanza na maneno hayo kwanza.

Sitadai kwamba nyota zinatufunza adabu. Gesi haina fadhila, na mwenza wa angani anayesokota ngata hamuuguzi mtu. Ninachodai ni kuhusu kusoma. Umbo lina sababu, na sababu mara nyingi haiko kwenye kitu kinachong'aa zaidi. Ningepewa jalada lile tena ningeweka picha ya kulia. Haivutii sana, nyekundu yake ni ya kidonda, na binti wa mzee pengine angeirudisha. Lakini inaonyesha wawili.

Kama una rafiki mwenye darubini, hata ya kawaida, mwombe jioni ya Aprili akutafutie Pete ya Kusini kwenye kundinyota la Vela. Iko zaidi ya miaka 2,000 ya nuru kutoka hapa. Utaona ukungu mdogo wa mviringo, na nyota moja katikati yake. Usiharakishe kuipa pole.